Ng'ombe wa Winrose

Nakuru,
18 Februari 1996

Kwa nyanya yangu, Kukhu Rispa Namaemba, Lugari.

Mulembe Kukhu. Natumaini barua hii inakupata umeshatoka shambani, umenawa miguu na umekaa. Sisi huku hatujambo. Joash bado yuko gereji, ananyoosha magari yaliyogongwa, na kila jioni anarudi na rangi kwenye nyusi. Mimi bado nashona yunifomu za shule kwa duka lile lile. Vumbi ni jingi, mvua hatujaiona. Mguu wako unaendeleaje? Mjomba Cornelius amepata trekta ya kulima au bado anazungushwa?

Kukhu, nina habari. Nina mimba. Kliniki wamesema mwisho wa Julai. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, hata mama yake Joash kule Ekero hajajua.

Tumekaa chini, mimi na mume wangu, tukapanga. Kila mwisho wa mwezi, kabla hata ya kununua unga, tunatoa pesa ya hospitali na kuipeleka posta. Kitabu kiko kwa jina la Joash lakini mimi ndiye ninakitunza. Nyama tumeacha. Kile chumba chenye stima tumekihama, tumeingia cha bei ya chini, tunatumia koroboi. Nimeshanunua nepi na beseni, na kitambaa kinachobaki dukani nakishonea vishati vidogo. Nesi wa kliniki alinisimamisha ukutani akanipima urefu, akarudia, akaniambia nisithubutu kuzalia nyumbani. Ameniandikia hospitali ya misheni, nao hawakupokei bila pesa kutangulia.

Ndiyo sababu nakuomba, lile jambo la ng'ombe wa mahari ulilomwambia Joash wakati wa Krismasi, tupe muda. Mtoto azaliwe kwanza. Mwaka ujao tutaleta, bila wewe kukumbusha.

Msalimie Mjomba na watoto wake.

Ni mimi mjukuu wako uliyenilea,
Winrose


Lugari,
10 Machi 1996

Winrose,

Mulembe. Barua yako nimeisoma mwenyewe kwa macho yangu, sikumpa mtu. Kwenda ngumbaru kusoma uzeeni hakukuwa bure. Mimi sijambo. Mguu unaumanga ukitaka, ukichoka kuuma unaacha. Cornelius amelima, trekta ilikuja ikiwa imelewa kama dereva wake na mistari yote imepinda. Ng'ombe wa Kipruto, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, walivunja ua wakala majani ya maharagwe yangu. Nilienda kwake nikamwambia yale yote niliyokuwa nayo, akanipa chai, tukamaliza.

Sasa nije kwa yako.

Kwanza, nimefurahi. Nimeshasema. Usiniulize tena kama nimefurahi.

Lakini wewe msichana, hivyo vishati unashonea nani? Wewe umemwona? Mtoto kwetu hatengenezewi nguo akiwa ndani. Anafika uchi, watu wanamwona ni mzima, ndipo wanakimbia kutafuta kitambaa. Wewe umeweka mpaka beseni! Ficha hizo vitu, peleka kwa jirani, zisilale ndani ya hiyo nyumba.

Hospitali nayo, sijui. Mimi nilizaa saba kwa hii nyumba, juu ya ngozi, na asubuhi niliamka nikapika. Kupimwa urefu ni ya nini? Unaenda kuandikwa polisi?

Ya mwisho ndiyo kubwa kwa hivyo fungua masikio. Huyo Joash amekaa na wewe huu mwaka wa tatu. Mtoto wa watu anapika, anafua, anashona, sasa anazaa, na hakuna hata mkia wa ng'ombe umevuka geti yangu. Sikusema alete kumi na tatu. Hizo ni za zamani, hata Cornelius hakutoa. Nilisema mtamba mmoja, wa kufungua njia. Mmoja! Nataka aingie hapa kabla hujazaa. Si mwaka ujao. Kabla hujazaa. Na usiniulize sababu, kwa sababu mimi ndiye nilikunawisha makamasi, sikuletwa hapa kukujibu maswali.

Kama pesa ni hiyo ya posta, basi iko. Muitoe.

Kula mboga. Usibebe maji kwa kichwa.

Ni mimi Kukhu yako, na kalamu ni yangu.


Nakuru,
6 Aprili 1996

Kwa Kukhu.

Mulembe. Sisi hatujambo. Mvua imeanza, chumba kinavuja upande mmoja tu, na kitanda tumekisogeza. Dukani kuna kazi nyingi kwa sababu shule zinafunguliwa mwezi ujao. Miguu inavimba kidogo nikikaa sana kwenye cherehani.

Nimesoma uliyoyaandika. Vishati nimempelekea jirani kama ulivyosema, sitaki tugombane kwa hilo. Lakini pesa ya posta haitaguswa, Kukhu. Hiyo nakuomba uielewe. Si pesa ya starehe wala ya kujionyesha kwamba mimi ni mtu wa mji. Nesi alisema hospitali, na mimi nitaenda hospitali. Mengine ni maneno ya kliniki, hayana haja ya kukusumbua.

Wewe hukuniambia sababu ya haraka ya ng'ombe. Basi na mimi usiniulize zaidi ya hapo.

Naomba pia usimwandikie Joash. Ana mawazo mengi. Mwenye gereji amepunguza watu wawili, na waliobaki wanakuja kazini kabla ya jua.

Salamu kwa Mjomba.

Winrose


Lugari,
29 Aprili 1996

Winrose,

Mulembe. Barua fupi hivyo ni ya kuandikia chifu. Mimi si chifu.

Mahindi yameota vizuri pale chini, pale juu panya wamefukua. Cornelius anataka kijana wake mkubwa aoe mwisho wa mwaka na anazunguka hapa akipiga hesabu ya ng'ombe hana. Nilimwambia, hesabu nguruwe za jirani pia, si hata hizo si zako.

Umeniambia nisimwandikie Joash. Umechelewa. Nilimwandikia juma lile lile nililokuandikia wewe, nikatuma kwa anwani ya gereji. Nilimwambia hivi: Joash, mimi ni mwanamke mzee na sitapanda gari kuja kukuaibisha mbele ya mafundi wenzako, lakini nisipoona mtamba kabla Winrose hajazaa, nitakuja kumchukua mimi mwenyewe, azalie kwangu, na mtoto ataitwa wa hapa, na wewe utabaki kunyoosha mabati. Ni hayo tu. Sikumtukana.

Hajajibu. Wewe pia ukijibu unajibu nusu. Miguu kuvimba ni kitu gani, na maneno ya kliniki ni maneno gani? Mimi nimezalisha nusu ya wanawake wa hii scheme ya mashamba tangu wazungu waondoke, halafu wewe unaniambia ni maneno ya kliniki!

Sitakuomba mara ya pili. Kula ndizi.

Kukhu


Lugari,
17 Juni 1996

Winrose, mtoto wangu,

Mulembe, mulembe sana! Umenyamaza mwezi mzima na mimi nilikuwa nimekasirika, lakini leo sina hasira. Ameingia!

Jumamosi nilikuwa napepeta maharagwe nikasikia mbwa. Kutazama njia, naona mwanamume anaswaga mtamba mwekundu, mwenye doa jeupe kwa paji la uso, na huyo mwanamume ametapakaa matope mpaka kiunoni. Sikumjua. Nikasema, huyu ni mtu wa mnada amepotea. Akafika getini akavua kofia. Joash! Amemnunua mnadani na amemleta kwa miguu, maana hakuwa na pesa ya gari.

Nilimwambia, "Simama hapo hapo." Akasimama. Nikaingia ndani, nikavaa leso yangu ya kanisa, nikatoka, nikapiga kigelegele mpaka Kipruto akavuka mto kuja kuona nani amekufa. Nikamfungulia geti mimi mwenyewe. Mtamba akaingia kwa mguu wa kulia.

Cornelius akaja akamzunguka mara mbili, akamfungua mdomo akaangalia meno. Akasema, "Huyu atazaa mwaka ujao. Amekuja wakati mzuri, kijana wangu anaoa." Nikamwambia aondoe mikono kwa mdomo wa ng'ombe yangu.

Nilimchinjia mumeo ingokho, ile jogoo nyekundu iliyokuwa inasumbua watu. Nikapika obusuma, ugali wa wimbi. Lakini Winrose, huyo mtu wako hakulangi. Alimega kidogo, akaosha mikono, akaendelea kutazama mlango. Nikamwuliza, "Kuku yangu ina mfupa mbaya?"

"Hapana, Kukhu. Ni tamu."

"Basi mbona unaitazama kama inakudai?"

Akacheka kidogo, si kicheko cha kweli. Nikasema ni haya, mkwe akija mara ya kwanza na ng'ombe lazima aone haya. Hakukubali kulala. Alisema gereji hawajui amekuja.

Sasa mimi nimetulia. Zaa vile unataka, hapo au hapa, hospitali au kwa kitanda chako. Sigombani na wewe tena.

Ni Kukhu yako, mwenye ng'ombe.


Nakuru,
27 Juni 1996

Kukhu,

Barua yako imefika jana. Nimeisoma nikiwa nimesimama kaunta ya posta. Mwanamke mmoja nisiyemjua alinikalisha kwenye ngazi.

Joash aliniambia anaenda Ekero kumwona mama yake anayeumwa. Nilipouliza kitabu cha posta, aliniambia kimetumwa Nairobi kuandikwa faida. Nikaamini. Wewe ndiye umeniambia kwa mwandiko wako pesa yangu ilienda wapi. Imevuka geti kwa mguu wa kulia, na ukaipigia kigelegele.

Sasa nitakuambia maneno ya kliniki kwa sababu hakuna tena cha kuficha. Mimi ni mfupi, Kukhu, na nyonga yangu ni nyembamba. Nesi aliponipima alinipeleka kwa daktari, na daktari akasema kichwa cha mtoto hakitapita. Lazima nipasuliwe. Nikijaribu kujifungua nyumbani, sisi wawili tutakufa, mimi na yeye. Ndivyo alivyosema, bila kuzunguka. Hospitali ya misheni wanataka pesa ya kisu ilipwe kwanza. Sikukuambia kwa sababu nilijua utalia, na nilijua utasema wewe ulizaa saba juu ya ngozi.

Joash tangu jana analala gereji. Sikumfukuza. Nilifunga mlango tu. Alipiga magoti nje, akasema barua yako ilimtisha, alifikiri utakuja kunichukua nizalie Lugari nife huko, akaona heri alete ng'ombe halafu akope pesa ya hospitali. Ameenda kwa mwenye gereji, amekataliwa. Akitoka kwako alipita kwa ndugu zake Ekero, wakamwambia miwa haijalipwa.

Umebaki mwezi mmoja. Dukani wameniambia nipumzike, bila mshahara.

Ulitaka ng'ombe. Umempata.

Winrose


Lugari,
5 Julai 1996

Winrose,

Salamu nitakupa nikifika.

Nimemuuza.

Barua yako imekuja Jumanne, mnada ni Jumatano. Usiku huo sikumwambia mtu. Asubuhi nilimfunga kamba mtamba nikamtoa. Cornelius alinikuta njiani karibu na kinu akasimama mbele ya ng'ombe na mikono ameipanua.

"Mama, unampeleka wapi?"

"Mnadani."

"Ng'ombe ya mahari? Umeona wapi? Ukimtoa, umevunja ndoa ya Winrose kwa mkono wako. Huyo ni wa mahari ya kijana wangu!"

Nikamwambia asikilize, kwa sababu sitarudia. Kuvunja ndoa ni ng'ombe kurudi kwa mwenyewe. Huyu harudi Ekero. Aliingia kwangu, amelala kwa zizi langu, amekula nyasi yangu, nimekojolewa miguu na yeye. Amepokelewa. Akishapokelewa ni wangu, na mimi nikitaka kumuuza, nikitaka kumchinja, nikitaka kumvalisha kofia, ni shauri yangu. Watu wa mahari wanaangalia ng'ombe akiingia. Hakuna mahali walisema nimlinde mpaka azeeke.

Akasema wazee watanicheka. Nikamwambia wazee wengi nimewanyonyesha au nimewazalishia wake, wacheke. Akashika kamba. Winrose, nilimpiga. Mwanangu ana mvi, nilimpiga kofi hapo barabarani mbele ya watoto wa shule. Akaachilia.

Mtu wa Matete amemchukua. Bei ilikuwa chini kuliko Joash alivyonunua, hao wa mnada wakiona mwanamke mzee ana haraka wananusa. Kipruto ndiye alinisaidia kubishana, kwa sababu ana sauti kubwa. Iliyopungua nimeongezea na magunia mawili ya mahindi ambayo nilikuwa nimeficha Cornelius asiyaone.

Posta siwezi kuweka pesa hii. Naileta mwenyewe, nimeishonea ndani ya gaguro. Nitakuwa Nakuru Jumatatu.

Joash umfungulie mlango. Alidanganya, na hiyo nitamwambia mbele yake, ajitayarishe. Lakini kitu kilichomfanya adanganye ni mimi. Akiogopa kitu kingine hapa duniani, niambie, lakini mimi anifahamu, asiniogope tena.

Sababu ya ng'ombe bado sikuambii. Kuna jambo haliambiwi mtu mwenye tumbo.

Usibebe kitu. Kaa. Nakuja.

Kukhu


Nakuru,
18 Agosti 1996

Kwa Kukhu wangu,

Mulembe. Ulifika salama? Uliondoka alfajiri bila kuniaga, na Joash anasema hukumwacha hata akubebee mfuko mpaka stendi. Sisi hatujambo. Kidonda kimefunga vizuri, nyuzi zimetolewa. Mtoto ananyonya kama amekodishwa kwa saa. Jirani amerudisha vile vishati na vyote vimeshakuwa vidogo.

Watu wa wadi bado wananiuliza habari zako. Karani wa dirishani, yule mwenye miwani, anakuiga mbele ya wenzake. "Mama, weka hapo, nitahesabu baadaye." Na wewe, "Baadaye gani? Hii ni ng'ombe. Hesabu nikikuona, halafu unipe karatasi, halafu uite daktari, kwa mpangilio huo." Hata mimi na maumivu yangu nilicheka, na nilikuwa nimelazwa kwenye kitanda cha magurudumu.

Uchungu ulianza kabla ya siku waliyoniandikia, wewe unajua. Kama ungesubiri mnada wa juma lililofuata, sijui. Sitaki kujua.

Kukhu, nimekaa na jambo moja. Nilipozinduka, kabla hujanionyesha mtoto, kabla hujaniambia ni msichana, uliingiza mikono chini ya blanketi ukanishika nyayo. Ukakaa hivyo muda mrefu. Nikakuuliza ni nini. Ukasema, "Nyamaza. Miguu hii niliiosha mimi." Kisha ukamwita mtoto Nabwire, jina la mama yangu.

Sasa sina tumbo. Niambie kwa nini ng'ombe alikuwa lazima aingie kabla sijazaa.

Joash anakusalimu kwa heshima. Anasema ameanza kutafuta kazi za Jumapili, ili ifikapo Desemba alete mtamba mwingine, Mjomba Cornelius apoe na watu waache kusema mimi sijaolewa. Mimi nimemwambia sawa. Nangoja neno lako.

Winrose, mama Nabwire


Lugari,
8 Septemba 1996

Winrose,

Mulembe mama Nabwire. Nilifika. Gari lilipasuka gurudumu njiani, kule Burnt Forest, tukakaa hapo kama mizigo. Mahindi yanakauka, tutavuna mapema. Cornelius hanisalimii. Anapita hapa, anasalimia mbwa.

Umeuliza. Nitakuambia mara moja, na ukija hapa usinifanye nirudie kwa mdomo.

Mama yako alikufa akizaa mtoto wa pili. Hilo unajua tangu ukiwa mdogo. Ambalo sikukuambia ni la baada ya hapo. Baba yako hakuwa ameleta kitu, hata kuku. Watu wake wakasema, sisi hatukuoa, njoo mchukue mtu wenu. Ndugu za babu yako hapa wakasema, amekufia kwa mwanamume, azikwe huko, na kabla udongo haujafunguliwa ng'ombe waje. Tulikuwa tumembeba kwa mkokoteni. Mkokoteni ukasimama barabarani, hakuna boma iliyofungua geti. Wanaume wakagawana pande mbili wakaanza kupigiana kelele za ng'ombe, huyu anasema nane, yule anasema hakuna. Jua likapanda. Blanketi niliyomfunika ilikuwa fupi, miguu ikabaki nje. Nilikaa chini kwa vumbi nikaishika. Ilikuwa baridi. Nikaishika mpaka wakachoka. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu unalia njaa.

Tulimzika huku mpakani, mbali na wengine. Ulikuwa ukiniuliza mbona mama yuko huko peke yake. Nilikuwa nakuambia pale kuna kivuli. Hakuna kivuli.

Sasa wewe unaniandikia una mimba na hakuna ng'ombe. Ulifikiri naona nini? Sikutaka maziwa. Sikumtafutia Cornelius. Nilikuwa nakutafutia mahali pa kuzikwa, Winrose, ili kama umekufa mtu asifungue mdomo. Hiyo ndiyo sababu. Mtu mwenye tumbo haambiwi hivyo, na mtu mwenye Form Four kama wewe angenijibu kwa barua ya kubisha.

Wewe nawe uliogopa kitu kile kile ukaniandikia habari za mvua na cherehani. Nimekukasirikia kwa hilo. Bado nimekasirika. Ungeniambia neno kisu mwezi wa pili, ningeuza mahindi wakati bei ilikuwa juu.

Sasa ya Joash. Mwambie asilete mtamba Desemba. Umeolewa. Ng'ombe aliingia, Kipruto aliona, mimi niliona, na yeyote mwenye neno aje aniambie mimi, si wewe. Cornelius atapoa au atabaki na joto lake, kijana wake ana mikono, afanye kazi.

Daktari aliniambia kitu nikiwa nimesimama kwa mlango, wewe hukusikia. Alisema hata wa pili atatoka kwa kisu, na wa tatu vilevile. Mfupa haubadiliki. Kwa hivyo hiyo pesa ya Jumapili ya Joash isije huku. Fungua kitabu kipya posta, na safari hii kiandikwe jina lako. Anza kumwekea huyo mwingine. Najua hayuko. Weka.

Kipruto anakuja Nakuru Ijumaa kumwona dada yake. Nimempa noti akuletee, ameikunja ndani ya soksi. Usimnunulie Nabwire kitu, wala wewe usile. Ni ya kufungulia kitabu.

Rispa Namaemba